Kioo chenye jeraha ukingoni kisivuke geti

Msimu wa watalii ukikaribia, gereji za Arusha hujaa magari ya porini. Land Cruiser zilizorefushwa hupandishwa juu ya jeki, springi zikafungwa upya, shoksi zikabadilishwa, breki zikafunguliwa na kusafishwa vumbi la mwaka mzima. Hakuna mwenye kampuni anayejiheshimu atakayekubali gari lake lishuke Kreta ya Ngorongoro na breki zinazolia. Lakini vioo vya milango huachwa viwe vya mwisho, na mara nyingi zamu yao haifiki. Kioo kimelika pembe, kimechorwa mistari kutoka juu hadi chini, au kimegoma kupanda mpaka mwisho, na jibu ni lilelile: “Kiache kwanza, bado kinafanya kazi.”

Nayapinga maneno hayo. Tairi likiisha linaonekana, na dereva mzoefu hujua limebakiza safari ngapi. Kioo cha mlango hakitoi hesabu ya namna hiyo. Leo kizima, kesho kizima, keshokutwa mlango unafungwa kwa nguvu kidogo na kioo chote kinamwagika kwenye mapaja ya abiria, kilomita nyingi kutoka kwa fundi wa karibu.

Msimamo wangu ni huu. Kioo cha mlango kikijeruhiwa ukingoni, kikipata mkwaruzo unaonasa ukucha, kikimziba dereva macho au kikishindwa kufunga, kibadilishwe kabla ya safari inayofuata. Kibadilishwe kwa kioo cha usalama kama kilichotoka nacho kiwandani, si kwa kipande cha dirisha la nyumba. Na mwenye neno la mwisho kuhusu gari hilo kuondoka au kubaki awe dereva, maana yeye ndiye atakayekuwa nalo huko porini.

Kioo cha mbele na kioo cha mlango

Makosa mengi huanza kwa kudhani kwamba vioo vyote vya gari ni kitu kimoja. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizobanwa pamoja, katikati zikiwa na utando wa plastiki. Wazo hilo lilimjia mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, mwaka 1903, baada ya chupa ya maabara kumponyoka na kupasuka bila kutawanyika, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na utando wa kemikali uliokauka. Mwaka 1909 alisajili hataza ya kioo cha aina hiyo. Ndiyo sababu jiwe likipiga kioo cha mbele huacha alama ndogo ya nyota, na fundi akiiwahi anaweza kudunga gundi maalumu, ufa ukasimama na kioo kikaendelea na kazi.

Kioo cha mlango, kwa magari mengi ya porini tuliyonayo, ni tabaka moja tu. Kiwandani hukatwa kwa umbo lake, kingo zikasagwa, matundu yakatobolewa, kisha kikapashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi na kupulizwa hewa baridi ghafla pande zote mbili. Ngozi ya nje hupoa na kuganda kwanza. Moyo wa kioo hupoa baadaye, na unaponywea huivuta ile ngozi ndani. Kuanzia hapo kioo kinaishi na mvutano ndani yake: ngozi imebanwa, moyo umevutwa. Mafundi wetu hukiita kioo cha tempa. Nguvu yake ni mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene uleule, na kikizidiwa hakitoi vipande virefu vyenye ncha. Husambaratika chote kwa mpigo mmoja kuwa punje ndogo, ambazo zinaweza kukukwaruza lakini ni nadra kukukata vibaya.

Tabia hii iliwashangaza wasomi wa London tangu miaka ya 1660, pale Prince Rupert alipompelekea Mfalme Charles II matone ya kioo yaliyotengenezwa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji. Kichwa cha tone kilistahimili nyundo. Lakini ukivunja mkia wake mwembamba, tone zima liligeuka unga papo hapo. Kioo cha mlango wa Land Cruiser kinafuata kanuni hiyohiyo. Uso wake mpana unaweza kupigwa changarawe msimu mzima ukavumilia. Ukingo wake ndio mkia.

Ngozi iliyobanwa ina kina cha takriban moja ya tano ya unene wa kioo kwa kila upande. Kioo kikiwa na unene wa milimita nne, ngozi hiyo haifiki milimita moja. Jeraha likiivuka na kugusa moyo, hakuna ufa wa kuzibwa wala muda wa kusubiri mwisho wa mwezi. Ndiyo maana hakuna gundi ya kukitibu kioo cha mlango, na hakuna fundi anayeweza kukikata au kukitoboa baada ya kutempwa. Kinabaki kizima au kinakwisha.

Porini kioo kinaliwa taratibu

Kwenye lami ya mjini kioo cha mlango kinaweza kuishi umri wote wa gari. Porini kinashambuliwa kutoka kila upande. La kwanza ni vumbi. Mchanga unaomomonyoka kutoka kwenye miamba ya graniti kama ile ya Seronera una chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ipo namba 7, wakati kioo cha kawaida hakizidi sana 5 na nusu. Chembe hizo hujikusanya kwenye raba zenye manyoya ambamo kioo hupita kikipanda na kushuka. Dereva akishusha kioo mgeni apige picha ya chui, akakipandisha kuzuia vumbi la gari linalopita, akakishusha tena, raba imegeuka msasa. Mistari myembamba ya wima inayoonekana kwenye vioo vya magari ya safari haikuchorwa na miiba. Ilichorwa na raba zilizochoka.

La pili ni mtikisiko. Anayeijua barabara ya kutoka geti la Loduare kwenda Naabi anajua jinsi mawimbi yake yanavyolitetemesha gari hadi meno kugongana. Bodi ya gari la chasisi husokotwa likivuka korongo kwa pembe, na mlango husokotwa nao. Kioo kilichopandishwa mpaka mwisho kimeshikwa na raba juu na pembeni. Kilichoshushwa chote kimetulia ndani ya mlango. Kilichoachwa katikati ndicho chenye taabu: kimeshikwa chini na pembeni kidogo, juu kinaning'inia, na kila tikisiko linagonga ukingo wake kwenye chuma kama raba imeisha. Dereva anayetaka vioo vyake viishi, kwenye barabara mbovu, avipandishe vyote au avishushe vyote.

La tatu ni mawe yanayorushwa na magari mnayopishana nayo. La nne ni mikono yetu: mlango unaobamizwa, bisibisi inayotumika kukwangua kioo kilichonasa, fundi wa redio anayefungua kava la mlango na kuacha bati likigusa kioo. Hata kuchora namba ya gari kwenye vioo ili kuwazuia wezi, jambo jema lenyewe, kuna namna mbaya ya kulifanya. Alama nyepesi iliyotiwa kwa dawa au kwa kupuliza mchanga haina shida. Alama iliyochimbwa kwa mashine yenye ncha, karibu na ukingo, ni jeraha lililonunuliwa kwa fedha.

Kioo kikilipuka mchana, wengi husema jua ndilo lililokipasua. Jua linasingiziwa. Kioo cha tempa kizima kinaweza kuvumilia tofauti ya joto ya takriban nyuzi 200, na hakuna asubuhi ya baridi kwenye ukingo wa Kreta wala mchana wa Ndutu unaofikia tofauti hiyo. Zipo nyakati za nadra ambapo uchafu mdogo uliobaki ndani ya kioo tangu kiwandani hukilipua bila kuguswa. Lakini kwa gari la porini, mahali pa kwanza pa kutafuta mkosaji ni ukingo uliopata jeraha zamani. Jeraha hilo lilikuwapo siku gari lilipokuwa gereji, na halikuangaliwa.

Namna ya kukikagua

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache kwa kila mlango, na hauhitaji mashine. Osha kioo kwanza, maana vumbi huficha kila kitu. Kishushe nusu, vaa glavu, pitisha kitambaa cha pamba taratibu juu ya ukingo wa juu na pembe zake. Ukingo mzima ni laini na umeviringwa kidogo. Kitambaa kikinasa, pale pana kipande kilichochomoka. Tazama kwa tochi kutoka pembeni: utaona kijishimo chenye kung'aa, mfano wa ganda la chaza, mara nyingi kidogo kuliko punje ya mchele. Hata milango mingine yote ikiwa mizuri, kijishimo hicho ndicho kitakachoamua. Kioo hicho kimemaliza kazi yake, hata kama uso wake unang'aa kama kipya.

Rudi kwenye uso. Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kusikia kitu, mkwaruzo huo ni wa juujuu, unaweza kuachwa au kupunguzwa kwa poda ya kung'arishia vioo. Ukucha ukinasa, usijaribu kuusugua uishe. Utakula ngozi inayokipa kioo nguvu, na utaacha bonde dogo linalopinda kila kinachoonekana kupitia hapo. Badilisha.

Kisha kaa kwenye kiti cha dereva usiku, gari jingine likuwashie taa kutoka nyuma kwa pembeni. Mikwaruzo ambayo mchana haionekani, usiku hutawanya mwanga na kukifanya kioo kuwa cheupe. Sehemu inayohusika zaidi ni ile ambayo dereva hutazama kupitia kuiona saitimira. Akishindwa kutofautisha ukingo wa barabara na korongo, au kumwona mtoto anayechunga mbuzi jioni, kioo hicho kimeshindwa kazi ya msingi hata kama kina nguvu. Kioo cha pembeni cha dereva, kwa viwango vinavyotumika katika nchi nyingi zinazotuuzia magari, kinatakiwa kupitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. Mikwaruzo, ukungu na tinti vikijumlishwa, yako magari ambayo yameshaachana na kiwango hicho zamani.

Mwisho, kipandishe na kukishusha mara kadhaa ukisikiliza. Kikicheza mbele na nyuma, kikipanda mshazari, kikigonga, chunguza kabla ya kukilaumu. Mara nyingi kioo chenyewe ni kizima, ila mashine ya kioo imelegea au raba zimeisha. Hapa naomba tusiwe wabadhirifu. Tinti iliyofanya mapovu huondolewa, kioo kikabaki. Raba zilizochoka hubadilishwa, tena mapema, kwa kuwa raba mpya ni nafuu kuliko kioo na ndiyo kinga yake kubwa. Mashine iliyochakaa hutengenezwa. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaliyozibwa na tope huzibuliwa, bati lisioze na mashine isishike kutu. Sisemi kila mkwaruzo utupiwe kioo kipya. Nasema tujue jeraha lipi ni la kusubiri na lipi halisubiri.

Kosa lisilosameheka

Kuna jambo linalofanyika katika magari ya porini ambalo linanikera kuliko yote, nalo ni kuweka kioo cha dirisha la nyumba kwenye mlango wa gari. Hutokea zaidi kwenye magari yaliyorefushwa, ambayo madirisha yake ya abiria ni ya kusukuma na kioo chake ni bapa. Vivyo hivyo kwa Land Rover za zamani zenye milango ya vioo vya kusukuma. Kwa kuwa ni bapa, fundi hupima kwa futi, akaenda duka la vioo vya majengo, akakatiwa kipande, akakitelezesha kwenye reli, gari likang'aa. Mwenye gari hufurahi kwa kuwa amelipa kidogo. Abiria hajui.

Kioo hicho kikivunjika, kinatoa mapanga. Gari likilala ubavu kwenye utelezi wa mvua za masika, kichwa na shingo ya abiria vipo sentimita chache kutoka kwenye vipande hivyo. Kioo cha usalama kilibuniwa kuzuia kifo cha namna hiyo hasa. Kumwekea mgeni aliyelipia safari, au mjamzito aliyemo ndani ya gari la wagonjwa, kioo cha dirisha la sebuleni ni kumnyima kinga ambayo kiwanda kilimpa. Fundi anayejua na kufanya hivyo asijifiche nyuma ya bajeti ya mteja.

Njia halali ipo. Kioo bapa kinaweza kukatwa kwa kipimo, kusagwa kingo na kutobolewa, kisha kikapelekwa kutempwa katika viwanda vinavyotengeneza milango mizito ya vioo ya mabenki na maduka. Utaratibu ni huo: kata kwanza, tempa baadaye. Kinachohitajika ni kupanga mapema, siyo asubuhi ya safari. Plastiki ngumu ya kung'aa nayo hutumiwa na wengine. Haitoi mapanga, lakini vumbi letu huichora haraka ikawa ukungu, hivyo isikae mahali ambapo dereva anategemea kuona.

Mteja naye ajifunze kusoma kona ya kioo. Kioo cha usalama kina muhuri uliochomwa kiwandani, usiofutika kwa ukucha wala petroli. Utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba, ikifuatwa na 43R, ishara kwamba kimepimwa kwa Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vina herufi DOT na namba ya kiwanda. Vingi huandikwa wazi kwamba vimetempwa au ni vya tabaka mbili. Kioo kisicho na muhuri wowote kwenye mlango wa gari kiulizwe maswali kabla ya kulipiwa.

Vioo vilivyotumika kutoka Japani, vinavyouzwa kwenye maduka ya spea, Gerezani pale Kariakoo kwa mfano, sivipingi. Kwa magari yaliyozeeka ndiyo njia pekee inayowezekana kwa watu wengi, na kioo cha tempa hakizeeki kwa kukaa. Kinachokiua ni jinsi kinavyohifadhiwa: kimesimamishwa juu ya saruji tupu, ukingo ukibeba uzito wote, kikiburutwa kila mteja anapotaka kukiangalia. Kagua ukingo wote kwa kitambaa hapohapo dukani, kifungwe kwa boksi na blanketi, kisafirishwe kimesimama. Kukilaza chini ya mizigo ndani ya basi la kwenda Arusha ni kununua hasara.

Kazi ya fundi haiishii kwenye kufunga

Kioo kikishalipuka, fundi wa haraka hufagia punje zinazoonekana, akafunga kipya, akapokea hela. Baada ya wiki kioo kipya kina mistari, mashine inasaga, na ndani ya mlango kuna mlio wa kokoto. Punje zilibaki. Nyingine zimeingia kwenye raba, nyingine zimeziba matundu ya maji, nyingine zimenasa kwenye meno ya mashine. Kazi inayostahili malipo huanza kwa kutoa kava lote la mlango, kunyonya punje kwa mashine ya upepo hadi chini kabisa, kung'oa raba zenye manyoya na kuzisafisha au kuzitupa. Kioo kipya hufungwa kikiwa na raba ndogo kati yake na vibanio, ili chuma kisikiguse mahali popote. Skrubu hukazwa kwa kiasi, kioo kikajaribiwa kupanda na kushuka kabla kava halijarudi, kisha maji yakamwagwa kwa mpira kuona yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mwenye gari akae hapo aone. Fundi mzuri hachukii kutazamwa.

Na kikilipuka njiani? Wageni washuke upande salama, wavae viatu, punje zikusanywe zisibaki kwenye viti. Nailoni nzito na gundi pana vinaweza kufunika dirisha la abiria mpaka mji wa karibu, iwe Karatu, Mto wa Mbu au Mugumu, kwa mwendo wa pole. Dirisha la mbele la dereva au la abiria wa mbele lisifunikwe kwa kitu kinachoziba saitimira. Na safari ya wanyama isiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nasema hivyo kwa sababu porini dirisha ni kinga kwa maana kamili. Tarangire na maeneo ya magharibi mwa Serengeti yana mbung'o, na mwaka 2001 baadhi ya watalii wa Ulaya waliougua malale walikuwa wametembelea hifadhi hizo. Manyara kuna nyani wanaojua kabisa kwamba ndani ya gari kuna ndizi. Na vumbi lenyewe, kwa mzee mwenye pumu au mtoto mchanga anayekimbizwa hospitali ya wilaya, si usumbufu mdogo. Gari likipinduka, mkanda ndio kinga ya kwanza ya abiria, lakini kioo kizima kilichofungwa humsaidia mkono na kichwa chake kubaki ndani.

Ipo pia siku ambayo kioo kinapaswa kuvunjwa, gari likiwa limelala na milango imegoma au maji ya korongo yanapanda. Nyundo ndogo yenye ncha ikae karibu na dereva, na kila dereva afundishwe kupiga karibu na kona ya kioo, siyo katikati. Kioo cha tempa kitampa njia kwa pigo moja. Kipande cha dirisha la nyumba kitamwachia meno makali kwenye fremu anayotakiwa kupitia.

Nani aseme gari halitoki

Najua majibu yanayokuja. Kioo ni ghali, cha modeli yangu hakipatikani, msimu ni mfupi, gari likisimama hela inasimama. Ni hoja za kweli, na simlaumu mtu anayehesabu fedha yake. Lakini hesabu iwe kamili. Kioo kinachovunjika Seronera kinagharimu kioo chenyewe, usafiri wake, siku ya wageni iliyoharibika, pengine gari la pili la kuwafuata. Kioo hichohicho kikinunuliwa Aprili, wakati barabara zina tope na magari yamepumzika, kinagharimu kioo na fundi. Kampuni yenye magari kadhaa ya modeli moja inaweza kuweka akiba ya kioo kimoja cha mlango wa mbele kwa kila upande, na raba zake. Anayesubiri kivunjike ndiye anayelipa zaidi.

Na zipo Land Cruiser nyingine nje ya utalii: gari la wagonjwa la zahanati, gari la afisa mifugo, la mradi wa maji, la polisi wa wilaya yenye barabara mbaya. Hayo hayana mgeni wa kuandika malalamiko. Dereva wake huandika kwenye kitabu cha gari kwamba kioo kina tatizo, karatasi inapanda kutafuta saini, miezi inapita, nailoni inageuka kuwa sehemu ya gari. Wagonjwa wanaobebwa na magari hayo wanastahili kioo sawa na wanaopanda gari la kifahari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama tunaona magari yakikaguliwa taa, breki na matairi. Naomba vioo vya milango viingie kwenye fomu hiyo kwa maneno yaliyo wazi: kingo, mikwaruzo, muhuri, kufunga. Naomba makampuni ya utalii yaongeze mstari huohuo kwenye karatasi ambayo dereva husaini kabla ya safari, pamoja na nafasi ya yeye kuandika “halitoki” bila kuogopa kupoteza zamu.

Hili la mwisho ndilo gumu. Madereva waongozaji wengi wa kaskazini wanaona jeraha la kioo kabla ya mtu yeyote. Wanaliona wakati wa kuosha gari alfajiri. Hawalisemi kwa nguvu kwa sababu wanajua wataambiwa wao ni wagumu, na gari atapewa mwingine. Mwenye kampuni anayetaka kulinda jina lake amwambie dereva wake mbele ya wenzake: “Ukiniambia kioo hiki hakifai, gari linabaki, na zamu yako inabaki.” Kauli hiyo haigharimu shilingi. Ikishatolewa na kuheshimiwa, kioo kilicholika ukingoni kitaishia gereji, mahali ambapo kuna fundi, kioo kingine na muda wa kukifunga vizuri.